Wapangaji wa Mwanangu

Shemeji yangu alikuja na panga kukata mgomba, nikamzuia. Nilisimama katikati ya migomba pale kwetu Bungoma, mikono kiunoni, nikamwambia, "Mimi sikuzaa mgomba."

"Hakuna mtu amesema ulizaa mgomba, mama," akajibu. Yeye ni mdogo wa marehemu mume wangu, na siku hizi ndiye mkubwa wa boma. "Lakini mtu akipotelea kwa maji, si unajua vile sisi hufanya? Tunakata mgomba, tunauvalisha nguo zake, tunauzika. Halafu watu wananyolewa, wanaenda kwao. Sasa wewe unataka tukae hivi mpaka lini?"

"Mpaka mwanangu aletwe."

"Na bahari ikikataa?"

"Basi ilete kitu. Chochote alichoshika."

Akapangusa panga kwa jani kana kwamba alikuwa amekata kitu, akaondoka. Mkamwana wangu alikuwa amekaa mlangoni, kitambaa cheusi kichwani, akisikia yote. Yeye ndiye aliyekuwa anaumia kuliko sisi wote na ukaidi wangu. Kwetu mjane hanyolewi kabla mume hajazikwa, na asiponyolewa anabaki amebeba kile kifo kichwani. Hawezi kwenda kulala kwa wazazi wake, hawezi kupanda mbegu shambani. Nililijua hilo, na bado nilikataa mgomba.

Mwanangu alikuwa kitinda mimba, na kazi yake ilikuwa simiti. Tulimlelea Kibomet, hapa Kitale, baba yake akiwa kibarua kwenye mashamba ya mahindi. Mimi sikusoma sana. Niliacha shule nikiwa bado natumia penseli, lakini mikono yangu ilijua kazi, na kazi niliyoipenda ilikuwa kusiriba nyumba. Unachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, unapaka ukuta, na kabla haujakauka unaburuta vidole vinne kwa nusu duara, halafu nusu duara nyingine inaanzia pale ya kwanza ilipoishia. Ukuta wote unakuwa kama umevaa nguo ya kufuma. Urembo ni kidogo tu hapo. Sababu yenyewe ni kwamba ukuta ukiwa na makwaru, hiyo mikwaruzo ya vidole, udongo wa mwaka ujao unapata mahali pa kushika. Ukuta laini hubanduka.

Kijana huyu alipokuwa mdogo alikataa kutoka ukutani. Nikampa kona yake, asiribe. Akina mama jirani walicheka sana.

"Mama nanii, umezaa msichana mwenye suruali!"

"Nimezaa mtu mwenye nyumba safi," nikawajibu. "Wako wanafanya nini? Si wako barabarani wanarushia mbwa mawe?"

Baadaye, akiwa kijana wa kwenda vibarua, mashine ya kupukuchua mahindi ilimkamata kwenye mji mdogo wa Kwanza. Ikamvunja kidole kidogo cha mkono wa kulia, kikapona kimepinda nje. Tangu siku hiyo, akisiriba, mistari mitatu ilienda pamoja na wa nne ulichepuka, ukazunguka peke yake kama mtoto asiyetaka kushikwa mkono. Ukinipeleka nyumba yoyote aliyoishika, ningekuonyesha ukuta wake nikiwa nimesimama nje.

Akajifunza kumwaga simiti. Alitengeneza kalvati za kupitishia maji na nguzo za ua kando ya barabara, na zilikuwa nzuri. Mtu mmoja wa kandarasi akaziona, akamwambia kuna kazi ya simiti huko pwani, kazi ya baharini. Akaenda. Mkewe alibaki na mimi Kibomet.

Alipiga simu jioni nyingi. Mara ya kwanza kunieleza ile kazi, nilidhani ananitania.

"Mama, kuna waya chini ya bahari. Ukiongea na mtu wa ng'ambo, sauti yako inapita huko."

"Kwani hailowi?"

Akacheka. "Huo waya umevaa nguo nyingi kuliko wewe ukienda kanisani mwezi wa saba."

Mwezi wa saba Kitale ni baridi, na mimi huvaa sweta mbili na koti. Nikamwambia aendelee, aache upuzi.

Akanieleza kwamba karibu na ufuo, mahali maji si marefu, nanga za mashua hunasa waya ule na kuukata, na nyavu nzito nazo huuvuta. Kando yake kulikuwa na bomba la mafuta, na hilo nanga ikilipasua, mafuta yanamwagika na kuua kila kitu chenye pumzi. Kwa hiyo wao walikuwa wanatengeneza mawe makubwa ya simiti, yanashushwa kwa mashine, yanalazwa juu ya waya na bomba kama blanketi. Lakini ukilaza vitu pale chini unavuruga makao ya samaki. Wale wataalamu wa samaki wakasema mawe yasiwe laini kama meza. Yawe na mashimo, na juu yawe na makwaru, ili vile vidudu vya bahari vinavyojijenga kama mawe vipate pa kushika, na samaki wapate pa kuingia.

"Wenzangu wanachana simiti kwa ufagio wa waya," akasema. "Mimi nimesiriba kama ukuta wako."

"Kwa mikono? Simiti itakula ngozi yako, wewe!"

"Nina glavu, mama."

"Na wakubwa wako wamesema nini?"

"Wamesema mradi ni makwaru."

Nilijifanya nimekasirika. Baada ya kukata simu nilitoka nje nikaukazia macho ukuta wa nyumba yangu, nikiwaza kwamba kazi ya mikono yangu iko chini ya bahari, na mimi bahari sijawahi kuiona.

Hapa Kibomet alikuwa amenunua kiploti. Alichimba msingi wa vyumba vya kupangisha, akafika usawa wa goti, pesa zikaisha. Msingi ukaota nyasi, mbuzi wa watu wakawa wanalala humo. Alikuwa akisema, siku moja nitakuwa na wapangaji, mama, wewe utakuwa unakaa kwenye kiti unapokea kodi. Basi siku moja akanipigia simu akipiga kelele.

"Mama! Nimepata wapangaji!"

"Wapangaji gani, na nyumba haina hata ukuta? Wanalala na mbuzi?"

"Samaki, mama! Mzamiaji wetu amewaona. Wamehamia kwenye mashimo ya mawe yangu. Wako na watoto!"

"Wanalipa?"

"Hawalipi na hawahami."

"Basi ni wapangaji wa kawaida."

Alicheka mpaka akakohoa. Hicho kicheko ndicho kitu cha mwisho cha furaha nilichopata kwake.

Yeye hakuwa mzamiaji. Kazi yake ilikuwa nchi kavu, uwanjani, kwenye simiti. Lakini baada ya kusikia habari za wale samaki hakutulia. Aliomba apelekwe nao kwa mashua, akaangalie mawe yake kutoka juu kwa miwani ya maji. Wakamkubalia. Aliyaona. Hilo najua, nitaeleza nilivyojua. Wakati wa kurudi upepo ukageuka, mashua ikapinduka. Wenzake waliishika ile mashua. Yeye hakuishika.

Nilikuwa napepeta maharagwe simu ilipolia. Sauti ilikuwa ya mwanamume nisiyemjua, ya Kiswahili cha pwani, na kabla hajamaliza kuniamkia nilijua. Mtu haamkii hivyo, polepole namna ile, kama hana neno baya nyuma. Maharagwe yalimwagika na kuku wakala. Nakumbuka nikiwatazama wanavyokula nisiwafukuze.

Walimtafuta. Walitumia mashua na wazamiaji, na wavuvi nao wakaambiwa. Bahari haikumrudisha. Mahindi yalikuwa yamepandwa tu. Yakapaliliwa, yakatoa mbelewele, na sisi tulikuwa bado hatujui tuko msibani au tunangoja mgeni. Ndipo shemeji akaja na panga.

Baada ya kumfukuza kwenye migomba nilifikiria sana hicho kitu nilichokisema bila kukifikiria: chochote alichoshika. Nikarudi Kitale na mkamwana. Nikampigia simu yule yule aliyeniletea habari. Ndiye mzamiaji wao, rafiki ya mwanangu, na ile siku alikuwa kwenye mashua.

"Nataka jiwe moja," nikamwambia. "Lile alilolisiriba. Mlitoe mniletee, nizike hilo."

"Mama, jiwe moja lina uzito wa ng'ombe."

"Ng'ombe si wanasafirishwa kwa lori kila siku?"

"Nitawaambia wakubwa," akasema.

Shemeji aliposikia alishika kichwa. "Sasa mama, mgomba ulikataa ati hukuzaa mgomba. Jiwe ndio ulizaa?"

"Jiwe lina mkono wake."

Hapo akakaa chini. Alikuwa amempenda pia yule kijana, ndiye aliyemsimamia siku ya kutahiriwa.

Yule mzamiaji alikuja mwenyewe, kwa basi, kutoka pwani mpaka Kitale. Alifikia kwa jamaa zake kule mjini karibu na msikiti, na asubuhi akaja Kibomet. Nilitarajia mtu mkubwa, kifua kama mlango. Alikuwa kijana mwembamba amejikunyata kwa baridi, koti la kuazima linamfika magotini.

"Shikamoo mama. Pole kwa msiba. Mwenyezi Mungu akutie subira."

"Ingia ndani kabla hujaganda," nikamwambia. "Kiswahili chako kinateleza kama samaki, nitakishikaje?"

Akatabasamu kidogo, akaanza kulia. Nikamwacha alie. Mkamwana akaweka chai mezani, naye akageuka ukutani.

Mgeni kwetu lazima ale kuku, na nilijua yeye hawezi kula tuliyemchinja sisi. Nikamwambia, "Jogoo yule pale. Shika, uchinje mwenyewe kwa njia yenu." Basi yule mtu anayekwenda chini ya bahari akamfukuza jogoo wangu kuzunguka nyumba na lile koti, akaanguka kwenye matope, jogoo akapanda juu ya ua. Mkamwana akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akicheka tangu ile simu, na alipojisikia akaziba mdomo kwa kitambaa, kama ameiba. Mwishowe yeye ndiye aliyemshika yule jogoo, akampa mgeni.

Tulipokwisha kula nikauliza, "Wakubwa wamesemaje?"

"Wamekubali, mama. Ukilitaka, watainua moja. La mwisho kwenye mstari."

"Basi leteni."

"Tazama kwanza." Akatoa simu yake. "Nimepiga picha juzi kabla ya kuja."

Ilikuwa picha inayotembea. Maji ya kijani, vumbi vumbi likielea, na mwanga unaoyumba. Halafu nikaona mawe. Yalikuwa yamelala kwa mstari kama ng'ombe waliochoka. Nilitafuta kazi ya mwanangu sikuiona. Mawe yalikuwa yameota vitu, vingine kama kuvu, vingine kama vidole vya mtoto mchanga, rangi ya zambarau na ya kahawia. Samaki wadogo wenye mistari waliingia shimo hili wakatokea lile, kama watoto wa shule wanaochelewa kimakusudi.

"Hayo si yake," nikasema. "Yake yamesiribwa."

"Ni yake, mama. Ngoja."

Picha ikasogea mpaka jiwe la mwisho, ukingoni. Pembeni palikuwa bado pako wazi, pana upana wa sahani. Mistari mitatu ilikwenda pamoja kwa nusu duara. Wa nne ulichepuka.

"Simamisha hapo!"

Akasimamisha. Nikapeleka kidole niuguse ule mstari, picha ikapotea. Kioo kikawa cheusi. Nilipiga ukelele mpaka jirani akaja mlangoni.

"Nimemfuta! Nimemfuta!"

"Hujamfuta, mama. Yupo. Hivi, tazama, yupo." Akabonyeza simu. Picha ikarudi. Nikaweka mikono yangu chini ya kanga, isiguse tena.

"Siku ile ya mwisho," akasema, "alilala kifudifudi juu ya maji na miwani, akakaa muda mrefu. Nilimwita akakataa kupanda. Alipopanda akaniambia, 'Nenda umwambie mama wapangaji wapo.' Nikamwambia, si utamwambia mwenyewe."

Nje mbuzi walikuwa kwenye msingi wa mwanangu, tuliwasikia.

"Hizo takataka juu ya jiwe," nikasema baadaye. "Huwezi kuzikwangua? Uzikwangue zote, nione kazi yake yote, kisha uniletee picha."

"Zina uhai, mama. Nikikwangua naua. Na zimeshika kwenye mistari yake hiyo hiyo. Mawe yaliyochanwa kwa ufagio hayajaota namna hii."

"Na mkilitoa lote?"

Alimwangalia mkamwana kwanza, akanigeukia. Alikuwa mtu mkweli na nilimheshimu kwa hilo.

"Pale waya utabaki wazi mpaka watengeneze jiwe jingine. Nanga ikipita siku hiyo, basi. Samaki watatawanyika. Na hivi vilivyoota vitakufa juani kabla lori halijafika nusu ya safari. Vitaoza. Mama, utaletewa jiwe linalonuka."

Nilikaa nikawaza hilo lori linaingia Bungoma. Watu wa boma wamejipanga, wanawake wanalia, na upepo unaleta ile harufu. Kila mtu angeziba pua. Mwanangu, ambaye alikuwa akioga mara mbili hata siku ya mvua. Nikawaza pia wale samaki wanazunguka mahali palipokuwa na nyumba yao, wanatafuta mlango.

Nilimtaka. Nataka lieleweke hilo. Nililitaka lile jiwe kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu nizaliwe, na nililitaka hata likinuka, kwa muda wa kama pumzi mbili hivi.

"Waache," nikasema.

"Mama?" Ni mkamwana.

"Nimesema waache. Maisha yake yote alitaka wapangaji. Amewapata. Mimi sitakwenda kuwafukuza."

Nikamgeukia, nikamwambia ampigie baba mdogo simu, aje na panga.

Mgomba niliuchagua mwenyewe, kule Bungoma. Shemeji alitaka wa karibu, nikakataa, nikatembea mpaka nikapata ulionyooka, urefu wa kama mwanangu. Waliukata, wakaulaza kwenye sanduku. Kabla hawajauvalisha shati lake nikaleta beseni la udongo na mavi ya ng'ombe.

"Nini tena?" akauliza shemeji.

"Nasiriba."

"Mama, hiyo haijawahi kufanywa."

"Basi leo imefanywa. Shika beseni."

Akashika beseni. Nikaupaka mgomba wote kwa mkono wangu wa kulia, magoti yakiniuma, watu wamesimama. Nikaburuta vidole. Nusu duara, halafu nyingine. Nilitaka kufanya yake. Nilikipinda kidole changu kidogo kwa mkono wa kushoto, nikakivuta nje mpaka kikalia, nikaburuta. Ule mstari wa nne haukuchepuka. Nilifuta nikarudia. Nikafuta tena. Kila mara ulirudi kukaa na wenzake, umenyooka vizuri, mkono wangu ule ule wa miaka yote, na mbele ya watu wote nikashindwa kazi niliyomfundisha mimi.

Shemeji akainama, akaniambia polepole, "Inatosha, mama. Inatosha sasa." Akaninawisha mikono kwa maji ya mtungi.

Tulizika. Nywele zikanyolewa siku yake ilipofika. Kichwa cha mkamwana kilionekana kidogo sana, kama cha mtoto. Kesho yake nikamwambia aende kwao akalale huko mpaka atakapochoka, akaenda, na nilisimama barabarani mpaka bodaboda ikakata kona.

Amerudi sasa, tuko wote Kibomet. Yule mzamiaji hunipigia Ijumaa akitoka msikitini, ananiuliza afya, nami namuuliza kama amekula. Majuzi alituma picha nyingine kwenye simu ya mkamwana. Tulikaa kwenye msingi, tukafukuza mbuzi, tukatazama. Mawe yameota yote. Samaki wameongezeka, na kuna mmoja mkubwa, mweusi, amekaa mlangoni mwa shimo kama mwenye nyumba. Niliitafuta ile pembe yenye upana wa sahani. Nilitazama mara nyingi, jiwe kwa jiwe, mikono chini ya kanga. Haipo tena. Imefunikwa.

Mkamwana akaegemea bega langu.

"Mama, ni lipi lile lake? Mimi nimesahau."

Mimi sidanganyi watu, na watoto wangu niliwachapa kwa uongo. Nikatoa kidole, bila kugusa kioo, nikamwonyesha moja lililokuwa karibu.

"Lile," nikasema.

Akalitazama mpaka simu ikaisha chaji.